Robo tatu jumlisha tano juu ya sita: kalkuleta ya duka inasema hivi, simu inasema vile, nani muongo?

MamaDuka_Kondele

Hamjambo wakubwa. Naomba msaada kabla sijaitupa hii mashine kwa mtaro. Niko na kaduka hapa Kondele, Kisumu, na kalkuleta yangu ni ile ya mezani yenye vitufe vikubwa na kasola hapo juu, nimekaa nayo karibu miaka mitatu haijawai nisumbua. Jana jioni msichana wangu wa gredi ya sita akaleta homuwaki ya sehemu, swali la kwanza 3/4 + 5/6. Akafanya kwa kalamu akapata 1 na 7/12. Mimi kwa kujifanya najua nikasema wacha nihakikishe, nikabonyeza 3 ÷ 4 + 5 ÷ 6 = ikanipa 0.9583333. Nikarudia polepole nikihesabu vidole, ile ile. Nikamwambia mtoto umekosea, futa. Akafuta, akafanya tena, akapata tena 1 na 7/12, sasa akaanza kulia. Baba yake kusikia kilio akaja na simu, akaandika vile vile nilivyoandika mimi, simu ikasema 1.58333333.

Sasa mashine mbili majibu mawili, mtoto naye ana lake la tatu, na karatasi imeshatoboka kwa kufutwa. Nauliza, kalkuleta imeharibika? Ama sehemu ziko na namna yake ya kubonyeza? Na hiyo 1.583 ya simu ndiyo hiyo 1 na 7/12 ama ni kitu ingine? Niliachana na hesabu kitambo mnivumilie. Na linaloniogopesha zaidi, kama imeharibika, wateja wangu nimekuwa nikiwahesabia nini?

Omera_Mpole

Betri hiyo mama. Nunua ingine hapo Kibuye, hazina bei.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Mama usinunue kitu. Betri ikiisha utaona namba zinafifia kwanza, haiwezi kukupa jibu lile lile mara mbili. Mashine yako ni nzima kabisa na simu pia ni nzima, ila hazisomi kwa njia moja.

Simu inafuata ile BODMAS tuliyowafundisha na mkasahau, wenzetu wa Tanzania wanaiita MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inangoja umalize kuandika yote ndipo inagawanya 3 kwa 4, inagawanya 5 kwa 6, halafu inajumlisha. Kalkuleta ya duka haina subira hiyo. Inafanya kila unachobonyeza papo hapo. Ulibonyeza 3 ÷ 4, ikapata 0.75. Ukabonyeza + 5, na ulipogusa ile ÷ inayofuata ikamaliza kwanza kujumlisha, ikawa 5.75. Halafu ikaigawanya YOTE kwa 6. Gawanya 5.75 kwa 6 uone kama hutapata 0.9583333. Rudia leo lakini usiangalie vidole, angalia skrini ukifika kwa ÷ ya pili, utaiona hiyo 5.75 ikitokea.

Dawa ni M+. Bonyeza hivi: 3 ÷ 4 M+, halafu 5 ÷ 6 M+, halafu MRC. Kila M+ inamalizia hesabu iliyoko na kuiweka kando kama mtu anayeweka sarafu kwa mkebe, na MRC ni kufungua mkebe. Utapata 1.5833333 kama ya simu.

Na ndiyo, 1.5833333 ni 1 na 7/12. Mtoto alikuwa sawa tangu mwanzo, mpe pole.

Lakini mama, hata bila mashine hiyo 0.95 ungeikataa mapema. Wewe unauza mahindi kwa gorogoro. Mteja akichukua robo tatu ya gorogoro, halafu aongezee tano juu ya sita, ambayo ni karibu ijae, zote mbili zinaingia kwa gorogoro moja kweli? Itamwagika. Kwa hivyo jibu lazima lipite 1. Watoto nilikuwa nawaambia wakisie kwanza ndipo wahesabu, wengi hawakutaka, wanasema ni kazi mara mbili.

FundiCherehani_Nax

Hapo kwa mashine kukosa subira mwalimu amenigusa kidonda. Mimi nashona hapa Nakuru na sisi mafundi ni sehemu kutoka asubuhi mpaka jioni, inchi na nusu, robo tatu, tano juu ya nane. Miaka ya kwanza nilikatia mteja sketi, mkanda ulifaa kuwa inchi 1 na 5/8. Nikaandika kwa kalkuleta vile inatamkwa, 1 + 5 ÷ 8, ikanipa 0.75, na mimi bila kufikiria nikakata robo tatu. Imagini mkanda wa robo tatu kwa mama mzima. Kitambaa alileta mwenyewe, cha kumechishia harusi, nikatafuta kipande kama hicho town yote sikupata, nikalipa. Ilikuwa imefanya 1+5 ikawa 6 halafu 6 kwa 8. Siku hizi naanza na sehemu ndipo naongeza namba nzima mwisho, 5 ÷ 8 + 1, hapo inaleta 1.625 bila shida.

Lakini ukweli ni kwamba ukifanya kazi ya inchi unaacha kubonyeza hizo vitu, unazijua kwa kichwa kama namba ya simu yako. Moja juu ya nane ni 0.125, kwa hivyo unapanda ngazi tu, 125, 25, 375, 5, 625, 75, 875. Mfano jana, sketi urefu 22 na nusu, pindo robo tatu, mkanda 1 na 5/8. Nikaandika moja kwa moja 22.5 + 0.75 + 1.625, zote ni kujumlisha tu hakuna kugawanya ndani kwa hivyo mashine haiwezi kukoroga, ikatoa 24.875. Tepu haina 0.875, unachukua hiyo ya nyuma ya nukta unazidisha na 8, inakuwa 7. Kata 24 na 7/8. Nazidisha na 8 kwa sababu tepu yangu naisoma kwa nane, kama yako unaisoma kwa kumi na sita zidisha na 16.

KijanaWaFomuThree_Bgm

Hizi zote ni mateso mama, kuna kalkuleta inaandika sehemu kama sehemu. Hii yangu ya shule ni Casio fx-82MS, iko na kitufe kimeandikwa a b/c. Unabonyeza 3 halafu a b/c halafu 4, unaweka +, 5 halafu a b/c halafu 6, = na skrini inaandika 1⌟7⌟12, hiyo alama ya pembe ni ya kutenganisha, maanake ni 1 na 7/12. Ukigusa a b/c tena inageuka 1.583333333, ukigusa tena inarudi. Ukitaka 19/12 unafinya SHIFT halafu a b/c. Namba mchanganyiko kama ile ya fundi ya 1 na 5/8 ni 1 a b/c 5 a b/c 8, basi.

Zile ES kama fx-82ES zinaonyesha sehemu imesimama na mstari katikati kama ya kitabu, iko na kitufe cha vibox viwili, unajaza cha juu unashuka na mshale unajaza cha chini. Hapo jibu laweza kuja 19/12, kwenda desimali unatumia S⇔D.

Ila wengi wanashtuka, ukijumlisha sehemu zenye namba ndefu hiyo MS inakupa desimali yenyewe bila kuulizwa. Si kuharibika, ikihesabu tarakimu zote pamoja na hizo alama za pembe zikapita 10 inakataa kuandika sehemu.

Bi_Sahili

Samahani ni mimi tu ama kuna mwingine anashangaa mtoto wa gredi ya sita kufanyiwa sehemu na mashine? Sisi tulifanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, mpaka ikaisha 2023 bila kalkuleta kuingia kwa chumba, na hatukufa. Huyu mtoto alikuwa amepata jibu kwa kalamu! Mashine ndiyo ilimpoteza mama, mama akampoteza mtoto.

KijanaWaFomuThree_Bgm

Bi Sahili kwa KCSE, mtihani wa fomu four, kalkuleta inaruhusiwa, ile isiyo ya programu na isiyo na kelele. Lakini nakubali kuna maswali yenyewe yanakwambia usitumie kalkuleta wala jedwali, na hata kwa yale mengine ukiandika jibu tupu bila hatua maksi za hatua unaziacha mezani. Mimi natumia kuhakikisha tu.

Bi_Sahili

Sawa kijana, wewe nimekuelewa. Kuhakikisha ni sawa.

MamaDuka_Kondele

Asanteni nyote, hata sijalala nimesoma. Bi Sahili umenichapa lakini ni haki yangu, asubuhi nimempelekea mandazi akiwa bado na uso wa jana.

Sasa nimejaribu M+ na nikaona ile 5.75 kwa njia ya zamani, ikatokea kweli!! Na M+ ikanipa 1.5833333 sawa na simu. Nikafurahi nikaenda swali la pili, 1/2 + 1/3, nikafanya vile vile, ikaniletea 2.4166666. Nusu na theluthi zinapita mbili aje? Nimetumia gorogoro ya mwalimu nikajua hapana. Ni nini tena?

Halafu la pili, nikitaka kurudi kwa sehemu nafanya aje na haina hicho kitufe cha kijana. Fundi amesema zidisha lakini mimi sina tepu, nizidishe na nini.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Angalia pembeni mwa skrini, kuna kaherufi M kadogo. Hiyo inakwambia mkebe haujamwagwa. Ulijumlisha nusu na theluthi juu ya lile jibu la kwanza: 1.5833333 na 0.8333333 ndiyo hiyo 2.4166666. Kabla ya kila swali bonyeza MRC mara mbili, ya kwanza inasoma ya pili inafuta, kale ka M kakipotea anza. Kwingine ni MC, tazama yako imeandikwaje.

Kurudi kwa sehemu unazidisha na LCM ya namba za chini, ile ndogo zaidi ambayo zote mbili zinaingia. 4 na 6 zinaingia kwa 12. Jibu lako likiwa bado kwa skrini toa 1, halafu zidisha na 12. Na hapa kule kukosa subira kwa mashine kunakusaidia, unaweza kubonyeza mfululizo MRC − 1 × 12 = na itatoa kwanza ndipo izidishe. Ukikosa kuijua 12, hata 24 itafanya kazi kwa sababu ni 4 mara 6, utapata 14/24, ukigawanya juu na chini kwa 2 ni 7/12 yako.

MamaDuka_Kondele

Mwalimu imesema 6.9999996. Sio 7. Nishike kichwa?

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Hiyo ni 7 mama. 7/12 kwa desimali ni 0.58333 na hizo 3 hazina mwisho, zinaenda mpaka Busia zivuke mpaka. Skrini yako ina nafasi ya tarakimu nane tu, ikakata mkia. Ukizidisha kitu kilichokatwa mkia kinarudi kifupi kidogo. Ukiona 6.99999 ama 7.00000 na kitu mbali kule, andika 7. Lakini ukipata 6.4 ama 6.8 usilazimishe, hapo umezidisha na namba isiyofaa, ama umebonyeza vibaya mahali.

Ndiyo maana mimi kwa kalkuleta kama yako napenda isiguse desimali kabisa. Iachie kuzidisha tu, kugawanya fanya wewe mwishoni. Chukua ngumu kidogo, 17/48 + 29/72. Kichwani LCM inakuja polepole, basi iache. 17 mara 72 ni 1224. 29 mara 48 ni 1392. Jumla 2616. Chini 48 mara 72 ni 3456. Jibu ni 2616/3456, namba nzima tupu hakuna mkia wa kukatwa. Sasa punguza, gawanya zote kwa 24 unapata 109/144. Kama hukuona 24 gawanya kwa 2, tena kwa 2, tena kwa 2, halafu kwa 3, utafika pale pale umechoka kidogo.

Na Omera, usione kimya, wewe na betri yako nimekuweka maksi sifuri.

Omera_Mpole

😂😂 mwalimu nimekubali. Lakini nami nimekaa na yangu ya duka nikiichezea kwa sababu ya hii mambo yenu na nimepata kitu. Bila M+, bila mkebe. Bonyeza 3 ÷ 4 × 6 + 5 ÷ 6 = . Jaribu.

FundiCherehani_Nax

Nimejaribu. 1.5833333. Wewe Omera ni mchawi.

Omera_Mpole

Sio uchawi omera wangu, si mwalimu amesema mashine ikifika ÷ ya pili inagawanya kila kitu kwa 6, hata ile robo tatu ambayo haikuwa na kesi? Basi mimi naizidisha na 6 mapema, ikija kugawanywa inarudi vile ilikuwa. 0.75 mara 6 ni 4.5, ongeza 5 ni 9.5, gawanya 6 umemaliza. Yaani ile namba ya chini ya sehemu ya pili unaitaja mara mbili.

Mwalimu_Mstaafu_Kakamega

Sifuri nimefuta, nimekupa kumi. Lakini weka onyo, hiyo usijaribu kwa simu. Simu itafuata BODMAS, itasema 4.5 na 0.8333, yaani 5.3333.

Omera_Mpole

Kweli, yangu ya simu imesema 5.33333333. Onyo limewekwa.

MamaDuka_Kondele

Mmenifungua macho mpaka kwa biashara. Nimekumbuka, siku moja mteja alichukua unga tatu za 140 na mkate mbili za 65, nikaandika 3 × 140 + 2 × 65 yote mara moja, ikaniambia 27,430. Tulicheka na mteja, nikajua nimefinya vibaya, tangu hapo kila kitu naandika kando kwa karatasi ya sukari halafu najumlisha. Kumbe 420 jumlisha 2, yote mara 65! Na ile karatasi ndiyo imeokoa wateja wangu miaka yote hii. Leo nimefanya 3 × 140 M+ 2 × 65 M+ MRC, 550 safi, mteja wa mahindi ameniuliza kwa nini natabasamu na deni lake.

Homuwaki tumemaliza. Mtoto anafanya kwa kalamu, mimi nafuata nyuma na mashine, na hajanipa nafasi ya kumkosoa hata mara moja. Za kutoa nimetumia M−, 5 ÷ 6 M+ halafu 3 ÷ 4 M− halafu MRC, ikatoa 0.0833333, mara 12 ikasema 0.9999996 nikaandika 1/12 bila kushika kichwa 😄

Kumebaki moja ndio tulale, 3/4 ÷ 5/6. Nimeandika 3 ÷ 4 ÷ 5 ÷ 6 nikapata 0.025, mtoto anasema 9/10. Safari hii simfutishi kitu, nauliza kwanza.

KijanaWaFomuThree_Bgm

Mtoto yuko sawa tena. Ukigawanya na sehemu unaipindua, ile 6 inapanda juu inakuwa ya kuzidisha. Bonyeza 3 ÷ 4 ÷ 5 × 6 = utaona 0.9. Hapo kuna kugawanya na kuzidisha peke yake hakuna kujumlisha, kwa hivyo jaribu na ya baba yake pia, zote mbili zitasema kitu kimoja.

MamaDuka_Kondele

0.9 kwa ya duka. 0.9 kwa simu. Mtoto ameshalala.